Je, Manowari ni Chuma au ni Watu?



Muhula huu katika chama chetu cha mjadala tulishindania neno hili: kwamba katika kulinganisha manowari mbili, mazoezi ya mabaharia yana uzito sawa na zana za merikebu yenyewe. Upande wa kupinga ulishinda kwa kura nyingi. Msemaji wao wa kwanza alisimama na karatasi yake, akatusomea unene wa chuma, upana wa kinywa cha mzinga, idadi ya mizinga na mwendo kwa saa. Kisha akaketi, na watu wakapiga makofi kana kwamba vita vyote vya baharini vimekwisha hesabiwa. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa. Kura nazikubali, ndiyo desturi ya mjadala. Hoja sijazikubali, na kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi katika kurasa za Kiswahili, nitasema yangu hapa ambapo hakuna kengele ya kunikatiza.

Wala msidhani kwamba ni maneno ya kupitisha jioni tu. Wakubwa zetu, wanafunzi wa zamani wa shule hii, wametuandikia kwamba wanachanga fedha ili watununulie mashua ya injini. Barua yao tulisomewa sote. Ilitaja nguvu ya injini, urefu wa mashua, na hata rangi itakayopakwa. Juu ya atakayeiendesha haikutaja neno. Huko nitafika, kwanza tumalize habari ya manowari.

Kwanza niwape wapinzani wangu haki yao, maana wanayo. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Seyyid Khalid bin Barghash kukaa katika jumba la Sultani kinyume cha matakwa ya Waingereza, manowari zao zilipiga jumba lile mjini Unguja. Bandarini palikuwa na merikebu ya Sultani, jina lake Glasgow. Ilikuwa chombo cha fahari kilichojengwa Uingereza, chenye mizinga midogo ya kutupa makombora ya ratili 9. Mabaharia wake walithubutu kuipiga St George, manowari kubwa ya deraya. Ilijibiwa, ikazama pale pale bandarini, milingoti yake ikabaki juu ya maji. Vita vyote havikutimia saa moja. Hata kama mabaharia wale wangalifanya mazoezi miaka kumi, asubuhi ile isingalikwenda namna nyingine. Hilo nalikubali bila shida.

Tena, bandari ile ile, miaka 18 baadaye. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wadachi, Königsberg, ilitokea mbele ya Unguja ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Pegasus haikuweza kwenda mbele wala nyuma. Königsberg ikasimama mbali ikaanza kupiga. Waingereza wakajibu, lakini makombora yao yakawa yanaanguka majini kabla ya kumfikia adui. Watu 38 wa Pegasus walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya mji. Hapo msemaji wa kwanza alipiga meza akauliza: "Mazoezi yaliwafaa nini?"

Ni swali zuri. Lakini nilitamani aisome karatasi yake mwenyewe mpaka mwisho. Mizinga ya Königsberg ilikuwa 10, upana wa kinywa sentimita 10.5. Mizinga ya Pegasus ilikuwa 8, upana wa kinywa inchi 4, yaani kama sentimita 10.2. Tofauti ya vinywa ni milimeta tatu, unene wa ukucha! Mtu akizilinganisha kwa karatasi ile angesema zinakaribia kuwa sawa. Kumbe Pegasus ilishushwa majini mwaka 1897 na Königsberg mwaka 1905, na katika miaka hiyo 8 ufundi wa mizinga ulikuwa umekwenda mbali, na kombora nalo likawa linakwenda mbali zaidi. Kwa hiyo hata zana zenyewe hazijulikani kwa kuhesabiwa. Yabidi zijuliwe na mtu aliyejifunza. Mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa Mombasa kwenye Fort Jesus. Mwenzetu atakayepata safari ya huko aitazame, aniambie kama macho matupu yanatosha kumwonyesha upi ulimshinda mwenziwe.

Basi nimekubali jambo hili: kombora lisilofika halifikishwi na ushujaa. Lakini wapinzani wangu walikomea Unguja, wakaiacha Königsberg ikiondoka na ushindi wake, wasituambie ilikokwenda. Ilikwenda Rufiji, na huko ndiko nilikotaka tufike, kengele ikalia.

Königsberg ilijificha katika milango ya mto Rufiji, nyuma ya mikoko, mahali ambapo manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu maji ni machache. Ilikaa humo miezi mingi, imezingirwa. Mwisho Waingereza wakaleta manowari mbili za namna ya pekee, Severn na Mersey. Zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, kisha serikali ya Uingereza ikazinunua mwaka 1914. Hazikuhitaji maji mengi, na kila moja ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6, mikubwa kuliko yote ya Königsberg. Juu ya hayo kulikuwa na ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ili kutazama makombora yanaanguka wapi, na kupeleka habari chini kwa simu ya upepo. Kwa karatasi, shauri limekwisha.

Tarehe 6 Julai 1915 zikaingia mtoni. Zilipiga tangu asubuhi mpaka alasiri, makombora zaidi ya 600. Yaliyoipata Königsberg yalikuwa machache sana, watu huyahesabu kwa vidole. Wadachi nao, kwa mizinga yao iliyo midogo, waliipata Mersey, wakauharibu mzinga wake mmoja mkubwa na kuua watu wake. Manowari zote mbili zikatoka mtoni jioni, na Königsberg ikabaki pale pale inaelea.

Kwa nini? Zana zilikuwapo, tena bora. Sababu moja kubwa ni kwamba zote mbili zilikuwa zikipiga pamoja, na yule aliyekuwa juu katika ndege hakuweza kujua kombora hili ni la nani na lile ni la nani. Akisema "ongeza", aongeze nani? Mpiga mzinga haoni adui. Anaona mikoko tu. Macho yake yako juu mawinguni, na masikio yake yako kwa mtu wa simu. Hao watatu wasipozoeana, mzinga wa inchi 6 ni ngurumo tu.

Wakarekebisha mambo kwa siku tano. Tarehe 11 Julai zikarudi mtoni zile zile, na mizinga ya namna ile ile, ila sasa kwa utaratibu mwingine: mmoja apige, mwenziwe angoje. Severn ikatia nanga ikaanza kupiga. Kila mara mtazamaji katika ndege alisema kombora limeanguka wapi, na mpigaji akasahihisha kidogo, mpaka katika dakika chache likaipata Königsberg. Na baada ya hapo yakaendelea kuipata. Ndege ikapigwa na Wadachi, ikaanza kushuka, na mtazamaji aliyekuwa ndani yake akaendelea kupeleka masahihisho huku wanaanguka, mpaka wakatua majini, nao wakaokolewa wote wawili. Kabla ya saa mbili kutimia, nahodha Looff aliamuru manowari yake ilipuliwe na watu wake wenyewe.

Najua nitakavyojibiwa: Königsberg ya tarehe 11 haikuwa ile ya tarehe 6. Ni kweli. Watu wake walikuwa wamechoshwa na homa, na makombora yalikuwa yakipungua. Sikatai. Lakini wale wanaosema kwamba zana ndizo kila kitu wanieleze habari ya Severn: mzinga ule ule, baruti ile ile, mto ule ule, na ndani ya siku tano kazi mbili zisizofanana. Katika karatasi ya rafiki yangu hakuna hata mstari mmoja wa kueleza tofauti hiyo, kwa sababu tofauti haikuwa katika chuma.

Wapo walionong'ona ukumbini kwamba hizo ni manowari ndogo za mtoni, na kwamba katika bahari kuu mambo ni mengine. Basi tazameni bahari kuu. Miaka kumi kabla ya Rufiji, tangu Januari mpaka Machi 1905, manowari za Warusi zilitia nanga Nosy Be katika Madagaska, si mbali sana na pwani yetu, zikiwa safarini kwenda kupigana na Wajapani. Miongoni mwao zilikuwamo nne mpya kabisa, fahari ya nchi yao. Mazoezi ya kupiga mizinga waliyofanya yalikuwa haba, maana makombora ya kujifunzia hayakutosha, na muda mwingi ukaliwa na joto, na maradhi, na kupakia makaa. Wajapani wakati huo huo walikuwa katika pwani ya Korea wakipiga shabaha siku baada ya siku. Walikutana Tsushima tarehe 27 Mei 1905. Kwa manowari kubwa za kwanza Warusi walikuwa na 8 na Wajapani 4. Warusi walikufa zaidi ya 4,000, na Wajapani 117. Bila shaka Wajapani walikuwa na mwendo mzuri zaidi na baruti kali zaidi, na merikebu za Warusi zilikuwa zimelemewa na makaa. Hata hivyo, hesabu kama hiyo haiwezi kuelezwa kwa makaa peke yake.

Sasa tuje kwetu. Ziwa letu Kivu halikupata kuona manowari kubwa. Katika vita ile Wadachi wa Kisenyi walivuka maji Septemba 1914 wakakiteka kisiwa cha Ijwi, na vyombo vilivyotumika vilikuwa vidogo. Lakini maji ya Kivu hushuka kwa mto Rusizi mpaka Ziwa Tanganyika, na huko ndiko ilikokuwa vita ya manowari iliyo karibu nasi kuliko zote.

Mwezi Agosti 1914 Wadachi waliiharibu merikebu ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, wakawa mabwana wa ziwa. Waingereza wakaleta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, nyepesi, zenye mwendo, kila moja na mzinga mmoja mdogo. Zilikuja kwa merikebu mpaka Cape Town, kwa gari la moshi mpaka Katanga, kisha zikakokotwa juu ya milima ya Mitumba kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya mamia ya watu weusi waliokata njia na kujenga madaraja. Majina ya watu hao siyaoni katika vitabu nilivyosoma. Unene wa mbao za Mimi umeandikwa. Aliyeshika kamba isikatike mlimani hakuandikwa. Nasimama kidogo hapa kwa sababu naona ndiyo kasoro ile ile ya karatasi ya rafiki yangu, ila katika vitabu vikubwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 walikutana na mashua ya Wadachi, Kingani. Mzinga wa Kingani ulikuwa umefungwa mbele nao haukuweza kupiga ila mbele. Waingereza waliijua habari hiyo, wakaizunguka wakaipiga kutoka kando na nyuma. Katika dakika chache nahodha wake amekufa na mashua imetekwa. Hapo mnaona zana na akili zimefungana kama uzi na sindano: mzinga wa mbele tu ni upungufu wa zana, lakini upungufu haukudhuru mpaka alipopatikana mtu wa kuutumia.

Kingani ikatengenezwa, ikaitwa Fifi, ikapewa mzinga mkubwa wa ratili 12. Tarehe 9 Februari 1916 hiyo Fifi pamoja na Mimi wakaifukuza Hedwig von Wissmann, merikebu kubwa zaidi kuliko wao. Rafiki yangu atasema: tazama, mzinga mpya ndio uliofanya kazi. Lakini mzinga ule mpya ulipiga ukakosa, ukapiga ukakosa, mpaka makombora yakakaribia kwisha. Kisha moja likakwama ndani, na wakakaa kama dakika 20 wakilitoa. Nani aliyewazuia Wadachi wasikimbie muda huo? Mimi, kile kimashua, kwa mwendo wake na kwa werevu wa waliokuwa ndani yake, kilikuwa kikiwachokoza kutoka nyuma. Hedwig ikalazimika kugeuka ili impige, na kila ikigeuka inapoteza njia. Tena ni kutoka Mimi walikoona kwamba makombora ya Fifi yalikuwa yakivuka shabaha, wakaipasha habari. Baada ya hapo Fifi iliipiga Hedwig ikazama.

Sitaiacha Graf von Götzen, maana wengi wenu mmeisikia kwa jina lake la pili. Ilijengwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika masanduku mpaka Kigoma, ikaungwa tena huko na mafundi watatu waliotoka Papenburg, pamoja na wafanyakazi wengi Waafrika na Wahindi. Ilipewa mzinga mmoja wa Königsberg, ule ule wa Rufiji. Baadaye mzinga ukaondolewa ukapelekwa kwa jeshi la nchi kavu. Wakati Wadachi walipoona Kigoma inawatoka, tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini grisi nyingi kila mahali. Ilikaa chini ya maji miaka, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, injini zikaonekana nzima, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo vizazi kwa vizazi. Grisi ni zana, haya. Grisi haikujipaka.

Mmoja wetu katika mjadala alisema neno ambalo ukumbi uliliona la kuchekesha, nami naona lilistahili kura. Alisema: nendeni Petite Barrière asubuhi mtazame chukudu upande wa Goma. Ni mbao na magurudumu mawili, zote zimechongwa kwa namna moja. Mmoja anashuka nayo kilima na magunia ya viazi, anaipitisha katikati ya watu kama samaki. Mwingine, chukudu ile ile, amelala nayo mtaroni na viazi vinakimbia. Watu walicheka. Lakini mfanyabiashara anayetafuta mtu wa kumpelekea mzigo haulizi mbao ni za mti gani. Huuliza: ni nani anayesukuma?

Na wavuvi wa sambaza, je? Mashua zao tatu zimefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu uko chini, taa juu, wanaume wanapiga kasia kwa wimbo mmoja. Akiingia mtu mmoja asiyejua mwendo, mashua zote tatu huyumba. Niliwahi kuona ushirika mmoja, sitautaja, ulionunua injini nzuri. Ilitumika majuma machache, ikaingia maji, hakupatikana wa kuifungua, na mara ya mwisho nilipopita, kuku walikuwa wanalala juu yake.

Basi, wakubwa zetu, mashua mnayotuchangia itakuwa na injini yenye nguvu kuliko chombo chochote cha shule. Tunashukuru kwa moyo. Lakini nimeuliza darasani kwetu ni wangapi wanaojua kuogelea, na hawakufika nusu. Tunakaa kando ya ziwa, na Kivu upepo ukigeuka mchana hauagi mtu. Anayejua kufungua injini na kuifunga tena hayupo hata mmoja, si miongoni mwa wanafunzi wala watumishi. Mkituletea mashua hiyo Januari, itaendeshwa na yule atakayekuwa jasiri kuliko wengine, na jasiri asiyefundishwa ndiye ninayemwogopa kuliko upepo.

Kwa hiyo naomba hivi, nami najua wapo watakaonikasirikia. Nunueni injini iliyo ndogo kuliko ile mliyoandika. Fedha zitakazobaki zigawanywe: nyingine zinunue jaketi za kuelea, moja kwa kila atakayepanda, nyingine zimlipe fundi wa mashua kutoka mjini aje kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Wakati tunangoja, mashua ya makasia tuliyo nayo yatosha kujifunzia kuogelea, kutia nanga, na kumwokoa aliyeanguka majini. Hata rangi mliyoichagua haina ubaya, ila inaweza kungoja.

Walio na neno la kupinga wamwandikie Mhariri kabla ya kufunga muhula. Msemaji wa kwanza wa upande ule ameahidi kujibu, na karatasi yake anayo bado.